Mvinyo wa Mikoa ya Ufaransa na Zabibu Zake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wetu Afrika Mashariki tumeujua mvinyo kupitia chupa za Afrika Kusini, ambazo hutaja zabibu waziwazi: Shiraz, Chenin Blanc, Sauvignon Blanc. Ukishika chupa ya Ufaransa unakuta jina la kijiji usichokijua na mchoro wa jumba la kale, unairudisha rafuni. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya anayetaka kuisoma chupa hiyo na kujua ndani yake kuna nini.

Mbona lebo ya Ufaransa haitaji aina ya zabibu?

Kwa sababu kule mvinyo huitwa kwa jina la mahali. Mkulima wa Sancerre hana haja ya kuandika Sauvignon Blanc, kwani sheria ya Sancerre haimruhusu kutengeneza mvinyo mweupe kwa zabibu nyingine. Jina la mahali limebeba mambo mengi kwa pamoja: zabibu ipi ipandwe, mzabibu upogolewe vipi, hekta moja isizidishe mavuno kiasi gani, mvinyo ukae muda gani kabla ya kuuzwa. Aliyejifunza mahali ameshajifunza zabibu.

Si mikoa yote iko hivyo. Alsace huandika zabibu, na chupa nyingi za kawaida za kusini pia.

Hizo herufi AOC na AOP zina maana gani?

Ni alama za jina la asili linalolindwa na sheria. Chanzo chake ni njaa na udanganyifu. Mwishoni mwa karne ya 19 mizabibu ya Ufaransa ilikufa kwa wingi (nitaeleza hapo chini), mvinyo ukaadimika, na wafanyabiashara wakaanza kuuza maji ya sukari yaliyotiwa rangi kwa majina ya vijiji maarufu. Wakulima wa kweli walibaki hawana mteja.

Huko Châteauneuf-du-Pape, kusini mwa mto Rhône, wakulima wakiongozwa na mwanasheria aliyekuwa pia mkulima, Baron Pierre Le Roy, walijiwekea masharti yao wenyewe katika miaka ya 1920. Sharti mojawapo linanivutia hadi leo: shamba lihesabiwe kuwa la Châteauneuf kama ardhi yake ni kavu na maskini kiasi cha kuotesha lavenda na zaatari. Mwaka 1935 serikali ilifanya utaratibu wa namna hiyo kuwa wa nchi nzima, kwa juhudi za mwanasiasa Joseph Capus, na mwaka 1936 majina ya kwanza yakatangazwa, yakiwemo Arbois, Tavel, Cassis na Châteauneuf-du-Pape yenyewe.

AOP ni jina la Ulaya la kitu kilekile. Chini yake kuna IGP, yenye masharti mepesi na eneo pana zaidi, halafu Vin de France, ambayo inaweza kuchanganya zabibu za popote nchini. Usidhani ngazi hizo ni ngazi za ubora. Zinakueleza mvinyo umetoka wapi na umefuata masharti gani. Wapo wakulima hodari wanaouza chini ya Vin de France kwa sababu tu wamepanda zabibu ambayo kanuni za kijiji chao hazikuitaja.

Nikariri majina gani kwanza?

Machache yanatosha kukufikisha mbali. Chablis ni Chardonnay. Sancerre nyeupe na Pouilly-Fumé ni Sauvignon Blanc. Vouvray ni Chenin Blanc. Chinon nyekundu ni Cabernet Franc. Muscadet ni Melon de Bourgogne. Beaujolais ni Gamay. Hermitage nyekundu na Côte-Rôtie ni Syrah. Cahors ni Malbec. Bandol nyekundu ni Mourvèdre. Bourgogne nyekundu, kwa kawaida, ni Pinot Noir. Jihadhari na Pouilly-Fuissé: inafanana kwa jina na Pouilly-Fumé, lakini iko Bourgogne na ni Chardonnay.

Bordeaux ni zabibu gani?

Ni mchanganyiko, na mito ndiyo inayouamua. Garonne na Dordogne hukutana na kuwa Gironde, kisha maji huelekea Atlantiki. Ukingo wa kushoto, yaani Médoc na Graves, udongo umejaa changarawe. Changarawe hupitisha maji upesi na kutunza joto la jua, na Cabernet Sauvignon, ambayo huchelewa kuiva, inalihitaji joto hilo. Sehemu kubwa ya Médoc ilikuwa kinamasi mpaka karne ya 17, Waholanzi walipochimba mifereji ya kuyatoa maji. Ukingo wa kulia, Saint-Émilion na Pomerol, kuna mfinyanzi na mawe ya chokaa, udongo wa baridi zaidi. Huko Merlot ndiyo mfalme, kwa kuwa huiva mapema.

Wakulima huchanganya kwa sababu hali ya hewa ya pwani ya Atlantiki haitabiriki. Mvua ikiharibu Merlot wakati wa kuchanua, huenda Cabernet ikapona. Zaidi ya hapo, Merlot huupa mvinyo unene na ulaini, na Cabernet huupa ukakasi, ile hali ya kukaza ulimi kama chai ya rangi iliyokaa sana kwenye birika. Ukakasi huo ndio unaowezesha chupa nzuri kukaa miaka 20 na zaidi.

Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya vinasaba yaliyoonyesha kwamba Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc. Zabibu nyekundu maarufu kuliko zote duniani ina mzazi mweupe.

Bordeaux ina nyeupe pia, na Sauternes ndiyo ninayoipenda kuliko nyekundu zake nyingi. Wakati wa vuli, maji baridi ya kijito cha Ciron hukutana na Garonne yenye uvuguvugu na kuleta ukungu wa asubuhi. Kuvu iitwayo Botrytis huota juu ya zabibu nyeupe ya Sémillon, hutoboa ganda, maji huvukia na jua la mchana, sukari hubaki. Wavunaji hupita shamba moja mara kadhaa wakichuma punje zilizosinyaa tu. Ndiyo maana chupa ndogo ya Sauternes ina bei kubwa, na kwa kazi hiyo inastahili.

Ule mpangilio wa mashamba ya Bordeaux wa 1855 bado una maana?

Kwa bei, ndiyo. Kwa mnywaji wa kawaida, kidogo sana. Kwa ajili ya Maonyesho ya Paris ya mwaka huo, chini ya Napoleon III, madalali wa Bordeaux waliyapanga mashamba ya Médoc, pamoja na Haut-Brion ya Graves, katika ngazi tano kwa kufuata bei zilizokuwa sokoni. Tangu hapo badiliko kubwa ni moja: mwaka 1973 Mouton Rothschild ilipandishwa kutoka ngazi ya pili hadi ya kwanza. Pomerol haina mpangilio wowote, na baadhi ya chupa zake ni ghali kuliko nyingi za 1855.

Kwa nini Bourgogne ni ghali na inachanganya hivi?

Kwa sababu ardhi imekatwa vipande vidogo kupita kiasi, na kila kipande kina jina. Watawa, hasa wa shirika la Cîteaux lililoanza mwaka 1098, walilima miteremko ile kwa karne nyingi, wakaona kwamba safu hii huiva mapema na ile ya pembeni yake huchelewa, wakawekea mipaka kila mahali palipokuwa na tabia yake. Vipande hivyo huitwa climats, na mwaka 2015 viliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Ardhi ya kanisa ilitaifishwa na kuuzwa, na sheria ya urithi iliyofuata ikataka watoto wagawane sawa. Clos de Vougeot, shamba la watawa lenye hekta 50 hivi ndani ya ukuta mmoja, leo lina wamiliki takriban 80. Wote wana haki ya kuandika Clos de Vougeot kwenye lebo, ilhali mmoja ana sehemu ya juu yenye mteremko mzuri na mwingine ana sehemu ya chini karibu na barabara, ambako maji hutuama. Hivyo Bourgogne jina la mtengenezaji lina uzito kuliko jina la shamba. Mwulize muuzaji kuhusu mtengenezaji kwanza.

Ngazi zake ni nne: Bourgogne ya kawaida, kijiji, premier cru na grand cru. Grand cru ziko 33 tu. Romanée-Conti, maarufu kuliko zote, ina hekta 1.8. Weka hekta hizo mbele ya matajiri wa dunia nzima na bei inajieleza.

Zabibu zake kuu ni mbili: Pinot Noir kwa nyekundu, Chardonnay kwa nyeupe. Pinot Noir ina ganda jembamba, huoza haraka, huungua haraka, na haivumilii mkulima mvivu. Ikitunzwa kwenye chokaa na baridi ya kule hutoa mvinyo wenye rangi hafifu na harufu ambayo sijaikuta kwenye zabibu nyingine.

Gamay ina kosa gani hata ikafukuzwa?

Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Bourgogne, aliamuru Gamay ing'olewe katika ardhi yake akiiita zabibu danganyifu. Kosa lake lilikuwa kuzaa sana na kumrahisishia mkulima maisha baada ya miaka ya tauni. Gamay ikapata makao kusini, kwenye vilima vya matale vya Beaujolais, na huko ikastawi. Vipimo vya vinasaba vya mwaka 1999 vilionyesha kwamba Gamay na Chardonnay ni ndugu, watoto wa ukoo wa Pinot na zabibu ya wakulima maskini iitwayo Gouais Blanc. Yaani mtawala alimfukuza mtoto wa nyumba.

Beaujolais Nouveau, inayotoka Alhamisi ya tatu ya Novemba kila mwaka, imewafanya wengi waidharau Gamay nzima. Hiyo si haki. Tafuta chupa yenye jina la kijiji, kama Morgon, Fleurie au Moulin-à-Vent. Kwa fedha ninayoitoa, sijaona nyekundu ya Ufaransa inayonirudishia zaidi.

Shiraz ninayoijua na Syrah ya Rhône ni kitu kimoja?

Zabibu ni moja. Asili yake ni bonde la Rhône, na wazazi wake, Dureza na Mondeuse Blanche, ni wa pande hizohizo, kwa hiyo hadithi ya kwamba ilitoka mji wa Shiraz huko Uajemi haina msingi. Ulimi lakini utaona tofauti. Kaskazini mwa Rhône, kwenye kuta za mawe za Côte-Rôtie na kilima cha Hermitage, Syrah hunukia pilipili manga, zeituni na nyama iliyofukizwa. Sehemu zenye jua kali hunukia matunda meusi yaliyoiva sana.

Jirani yake ni Viognier, zabibu nyeupe ya Condrieu inayonukia aprikoti. Katika miaka ya 1960 ilikuwa imebaki hekta chache tu, karibu kupotea, na leo imepandwa mabara kadhaa.

Kusini, mambo hubadilika. Grenache huongoza, ikisindikizwa na Syrah, Mourvèdre na nyingine. Kanuni za Châteauneuf-du-Pape zinajulikana kwa kuruhusu aina 13. Jina hilo latokana na mapapa walioishi Avignon katika karne ya 14.

Chenin Blanc si zabibu ya Afrika Kusini?

Swali hili ninalipenda, maana linafungua mlango wa Loire, mkoa ambao ningependa kila msomaji aanzie. Chenin ni ya bonde la Loire, sehemu za Anjou na Touraine. Inaaminika ilifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1655 pamoja na miche ya Mholanzi Jan van Riebeeck, ikaitwa Steen kwa vizazi vingi, na leo Afrika Kusini ina Chenin nyingi kuliko Ufaransa yenyewe. Dodoma nayo inalima Chenin, pamoja na Syrah na ile nyekundu ya Makutupora. Tofauti ni kwamba mkulima wa Dodoma huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, ilhali wa Loire ana mavuno mamoja, akiwa na wasiwasi wa baridi ya Aprili inayoua machipukizi na mvua ya Oktoba inayoozesha vichala.

Kitu kinachoifanya Chenin kuwa zabibu kubwa ni uchachu wake. Hauishi hata zabibu ikiiva sana. Kwa hiyo Vouvray moja huweza kuwa kavu kabisa, yaani bila utamu, nyingine na utamu kidogo, nyingine tamu kama asali, nyingine na mapovu, zote kutoka zabibu ileile na kijiji kilekile. Mwaka wa baridi mkulima hutengeneza ya mapovu, mwaka wa jua hungoja na kutengeneza tamu. Tazama lebo: sec ni kavu, demi-sec ina utamu, moelleux ni tamu. Ukitaka kuonja Chenin kavu yenye nguvu za jiwe, tafuta Savennières. Ukiwa na samaki wa kupaka mezani, demi-sec: utamu wake hukutana na tui, uchachu wake husafisha mdomo.

Loire ni mto wa kilomita 1,000 hivi, na zabibu hubadilika kadiri unavyoufuata. Upande wa juu, Sancerre. Katikati, Chenin na Cabernet Franc ya Chinon na Bourgueil, nyekundu nyepesi inayonukia majani mabichi na penseli iliyochongwa. Karibu na bahari, Muscadet, ambako baridi kali ya mwaka 1709 iliua mizabibu na Melon de Bourgogne ikapandwa kwa wingi kwa kuwa huistahimili. Muscadet iliyoandikwa sur lie imekaa juu ya mashapo ya hamira, na ni rafiki mkubwa wa chaza na kamba.

Je, kila mvinyo wa mapovu ni shampeni?

Hapana. Jina ni la mkoa wa Champagne pekee, wenye miji ya Reims na Épernay. Zabibu zake kuu ni Chardonnay, Pinot Noir na Meunier. Mbili za mwisho ni nyeusi, ila juisi yake haina rangi, hivyo zikikamuliwa upesi na kwa upole ganda halipati nafasi ya kuichafua.

Mvinyo uliokwisha kuchachuka hutiwa chupani na sukari na hamira kidogo, kisha huzibwa. Hamira hula sukari, gesi haina pa kutokea, na mgandamizo hufika angahewa tano hadi sita. Chupa za kawaida hukaa angalau miezi 15, zilizoandikwa mwaka wa mavuno angalau miaka mitatu. Hatimaye chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogo kidogo mpaka mashapo yakae shingoni, ufundi ulioendelezwa katika ghala la mjane Clicquot mwanzoni mwa karne ya 19. Shingo hugandishwa, kizibo hutolewa, barafu yenye mashapo huruka nje. Mtawa Dom Pérignon, anayedhaniwa na wengi kuwa mvumbuzi wa shampeni, hakugundua mapovu. Zamani zake yalihesabiwa kuwa kasoro.

Anayetaka ufundi huohuo kwa bei nafuu atafute crémant, hasa ya Loire, Alsace au Limoux.

Ni kweli mizabibu ya Ufaransa imesimama kwenye mizizi ya Marekani?

Ni kweli kwa karibu yote. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo wa jamii ya vidukari, filoksera, aliingia kutoka Marekani na kuanza kula mizizi kusini mwa nchi. Mwaka 1868 Jules-Émile Planchon wa Montpellier na wenzake walichimba mizabibu iliyo hai bado na kumkuta kazini. Dawa hazikufaa. Kilichofaa ni kubebesha kikonyo cha Ulaya juu ya shina la Marekani, ambalo humzoea mdudu. Zabibu inabaki Pinot au Merlot, mizizi ni ya mgeni. Aina nyingi za kienyeji hazikupandwa tena.

Moja iliyopotea hivyo ni Carménère ya Bordeaux. Mwaka 1994 mtaalamu Jean-Michel Boursiquot aliitambua Chile, ambako ilikuwa ikilimwa miaka yote ikidhaniwa kuwa Merlot.

Na Alsace?

Inapakana na Ujerumani, na ilikuwa chini yake kuanzia 1871 hadi 1918. Milima ya Vosges huzuia mvua, hivyo mji wake wa Colmar hupata mvua kidogo. Riesling, Pinot Gris, Muscat na Gewurztraminer huandikwa kwa majina yake kwenye chupa ndefu nyembamba. Kwa anayeanza, hakuna mkoa rahisi kuusoma kama huu.

Nina fedha kidogo. Ninunue ya wapi?

Languedoc. Zamani ilizalisha mvinyo mwingi na mwepesi kwa wafanyakazi wa viwandani, na mwaka 1907 bei zilipoporomoka wakulima waliandamana wakiongozwa na Marcelin Albert, mamia ya maelfu yao mjini Montpellier tarehe 9 Juni. Narbonne askari walifyatua risasi na watu wakafa. Kikosi cha 17 cha Béziers, vijana wa palepale, kiliasi. Sheria kali dhidi ya mvinyo bandia ilifuata mwezi huohuo. Leo Carignan ya mizabibu mizee, Grenache na Syrah za Faugères, Saint-Chinian na Corbières ni mvinyo wa heshima kwa bei ambayo Bordeaux yenye jina haiwezi.

Kusini-magharibi nako kuna nafuu: Cahors, kwao Malbec kabla haijawa fahari ya Argentina, na Madiran yenye Tannat, nyekundu ya ukakasi mwingi inayotaka nyama ya mbuzi yenye mafuta.

Kuna kitu cha ajabu cha kuonja?

Mkoa wa Jura, na vin jaune (mvinyo wa njano) yake. Mvinyo wa zabibu nyeupe ya Savagnin huachwa ndani ya pipa zaidi ya miaka sita bila kujaziwa pengo linaloachwa na uvukizi; utando wa hamira huota juu na kuulinda mvinyo. Hunukia jozi na bizari. Chupa yake, clavelin, ni ya sentilita 62. Usiinywe ya baridi sana.

Joto la dunia litabadili zabibu hizi?

Limeshaanza. Mavuno huja mapema kuliko zamani, na kileo kimepanda. Mwaka 2021 Bordeaux iliruhusu aina sita mpya kwa majaribio, ikiwemo Touriga Nacional ya Ureno, kwa kiasi kidogo. Ninaunga mkono. Médoc hii tunayoiona ya milele ilichimbwa na Waholanzi.

Nyumba yangu ina joto. Nihifadhi vipi?

Jokofu la kawaida ni bora kuliko kabati la jikoni, kwa wiki au miezi michache. Laza chupa yenye kizibo cha gome ili kisikauke. Epuka chupa iliyosimama dirishani dukani, na ile ambayo kizibo chake kimeinuka au kinavuja. Nyekundu nayo inahitaji ubaridi, nyuzi 16 hadi 18, kwa hiyo Dar es Salaam au Mombasa iweke kwenye jokofu nusu saa kabla ya kuifungua. Gamay na Cabernet Franc huvumilia hata ubaridi zaidi kidogo. Ikibaki, izibe na uirudishe jokofuni, iishe ndani ya siku tatu.